"RUN" SI KUKIMBIA TU



Tunataka kusema juu ya somo la Kiingereza. Katika madaftari mengi tunasoma hivi: "run = kukimbia", basi, imekwisha. Sisi wa mwaka wa sita tunasema: hapana, haijaisha. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba watengenezaji wa kamusi kubwa ya Oxford wamehesabu maana 645 za kitendo hiki kimoja. Kichwa gani kitabeba zote hizo?

Tutazame. Mto Lowa "runs" pale Walikale: unapita. Mashini ya kusaga "runs": inatembea. Pua ya mtoto "runs": inatoka kamasi. Kikwembe kikifuliwa, rangi yake "runs": inachuja.

Lakini hatari iko hapa: "The nurse runs the health centre." Mwenye daftari lile ataandika kwamba muuguzi anakimbia kituo cha afya. Kumbe ni kinyume, yeye ndiye anakiongoza! Sisi watu wa Masisi na Walikale tunajua tofauti hiyo. Wazazi wetu walikimbia vita vya 1993, vilivyoanzia kwenye soko la Ntoto. Mwaka 2025 watu walikimbia tena, tukiona kwa macho yetu. Kwetu, muuguzi aliyekimbia na muuguzi aliyebaki na wagonjwa si mtu mmoja. Neno "kukimbia" linatujia haraka sana, ndiyo maana linatudanganya.

Wengine wanalalamika kwamba Kiingereza ni lugha ya fujo. Je, na Kiswahili chetu? Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga magoti. Mgeni mwenye kushika maana moja tu atafikiri magoti yetu yanakula fimbo kila Siku ya Mungu. Sisi hatupotei, juu tulijifunza kila "piga" pamoja na jirani yake.

Basi, maoni yetu ni haya: tuache kuandika neno peke yake. Tuandike sentensi nzima, na mbele ya kutafsiri tuulize: nani anafanya, na nini inafuata? Walimu wetu, tunawaomba mtuandikie ubaoni sentensi, si orodha ya maneno. Kwenye mtihani wa Taifa neno halitakuja peke yake, litakuja na wenzake.



Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita