Aliyekimbia Hakuacha Ulimi Mpakani

"Wewe ulikimbia. Nyamaza."

Kauli hiyo mkimbizi wa Kikongo wa Rubondo, hapa makazi ya Nakivale nchini Uganda, anaisikia kila upande. Ndugu aliyebaki Goma anaitoa kwenye simu mara mazungumzo yakigusa siasa. Kijana wa stendi ya boda anamtupia mzee aliyethubutu kusema kwamba serikali ya Kinshasa imeoza. Hata baadhi ya wachungaji wetu wanaihubiri, ila wameivika upole: ya dunia tumeyaacha, tuiombee nchi, inatosha. Ukibisha, unapigwa na methali inayomaliza ubishi wowote baina ya Waswahili: mkataa kwao mtumwa.

Mimi nabisha. Imani hii kwamba aliyevuka mpaka wa Bunagana ameiacha ng'ambo ya pili haki ya kuisifu na kuilaumu nchi yake ni uongo, na imetugharimu watu wa Maziwa Makuu kuliko tunavyopenda kukiri. Methali haina kosa. Inamsema anayekana kwao. Mimi sijaona mtu aliyekana kwao akakesha na redio sikioni kutafuta habari za kwao.

Tuanze na moyo wenyewe. Wanaosema "nyamaza" wanadhani hisia za raia kwa nchi yake zina rangi moja: unaipenda, basi unaisifu, au unailaumu, basi umeichoka na huna lako tena huko. Waje Rubondo jioni, saa watu wanaporudi kutoka lejaleja, vibarua vya kutwa kwenye mashamba ya watu, mgongo umekufa na mfukoni kuna shilingi za unga wa siku moja. Mtu atakayekuambia kwamba Kongo imeuzwa na wenyewe, kwamba makamanda wanakula mishahara ya askari wasiokuwepo, ndiye huyo huyo atakayesimama kwa hasira akisikia Mganda anasema Kongo si nchi, ni msitu. Atamtaja Lumumba. Atamtaja Franco na gitaa lake. Atakukumbusha kwamba mwaka 2010 TP Mazembe ya Lubumbashi ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Kwamba Inter Milan iliwafunga mabao matatu kwa bila, hapo hupita haraka.

Mtu huyu si mnafiki, wala hajachanganyikiwa. Ana akili timamu na nchi ngumu.

Anayetaka ushahidi mkubwa kuliko wa jioni za Rubondo akumbuke Abidjan, tarehe 7 Februari 2024. Nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Kongo na wenyeji Côte d'Ivoire. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wetu walijiziba mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaelekeza vidole viwili kwenye panja, kama mtutu wa bunduki. Jezi ya nchi iko mwilini, wimbo wa nchi uko hewani, dunia nzima inatazama, nao wanatangaza kwamba mashariki watu wanauawa na waliopaswa kusema wamekaa kimya. Je, pale walikuwa wanaiheshimu nchi au wanaianika? Walifanya yote mawili, na ndiyo maana watu walilia mbele ya televisheni. Walifungwa bao moja wakatoka, lakini kitendo chao kinakumbukwa kuliko bao. Na tusisahau kwamba wengi wa vijana wale wanaishi na kulipwa Ulaya, na wapo waliozaliwa huko huko. Mbona hao hatukuwaambia kwamba waliondoka, wanyamaze? Inaelekea anayeondoka kwa ndege anabaki na ulimi wake. Anayeondoka kwa miguu, godoro kichwani, akalala kwenye kituo cha mapokezi cha Nyakabande kabla ya kupakiwa kwenye basi la kuja Nakivale, huyo ndiye wa kufungwa mdomo.

Swali la nani alimwacha nani nalo linarukwa mno. Uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 haukufanyika Masisi wala Rutshuru, kwa sababu ya vita. Kwa hiyo mtu wa Rutshuru angebaki kwake asingepiga kura. Alipokimbilia Uganda hakupiga vilevile, maana Wakongo wa nje waliruhusiwa katika nchi tano tu: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Marekani na Kanada. Uganda, yenye wakimbizi wa Kikongo zaidi ya nusu milioni, haikuwemo. Afanye nini mtu huyu ili ahesabiwe kwamba hakuondoka? Na huyo ndugu wa Goma anayetunyamazisha, yeye tangu mwishoni mwa Januari 2025 yuko chini ya waasi wa M23. Hakuvuka mpaka wowote, hakufunga hata mzigo, na serikali yake imemhama. Kwa kipimo chake mwenyewe, naye anyamaze?

Kwa wengine wetu mlango ulifungwa zamani zaidi. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wakiishi Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikawanyang'anya. Ile ya 2004 ikaja kuyatambua makabila yote yaliyokuwa kwenye ardhi ya Kongo wakati wa uhuru. Mtu wa familia kama hizo, aliyezaliwa Masisi mwaka 1970, amekuwa raia, akaacha kuwa raia, akawa raia tena, bila kuhama kijiji. Mwaka 2021 ukapelekwa bungeni mswada unaojulikana kwa jina la Noël Tshiani, unaotaka rais awe mtu ambaye baba na mama wote wawili ni Wakongo, na magomvi ya nani Mkongo halisi yakachemka upya.

Hapa pana kichekesho kichungu. Katiba ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganyiki na mwingine. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba bungeni mna watu wenye uraia wa nje, na bunge lenyewe likawapa muda wa kutengeneza mambo yao. Mwenye pasipoti mbili alivumiliwa. Asiye na pasipoti hata moja, aliyeezeka nyumba yake kwa turubai la UNHCR, huyo anaambiwa uzalendo wake una mashaka.

Najua nitaonyeshwa sheria. Ipo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamkataza mkimbizi kufanya siasa dhidi ya nchi yoyote akiwa ndani ya Uganda, ikiwemo nchi yake mwenyewe. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969 nao unazitaka serikali ziwazuie wakimbizi wasiishambulie nchi mwanachama, na unazitaja njia waziwazi: kwa silaha, kwa magazeti, kwa redio. Kalamu na bunduki zimepangwa foleni moja! Waliotia sahihi, wengi wao, walikuwa na wapinzani waliokaa ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo sishangai. Hata hivyo sheria inakataza siasa na mashambulizi dhidi ya nchi. Haimkatazi mtu kuona. Haimkatazi baba kumweleza mwanawe kwa nini wanaishi hapa. Ni sisi tuliolichukua katazo la ofisini tukaliingiza jikoni, mpaka kuna mtoto aliyezaliwa Nakivale anayekijua kila kilima cha wilaya hii ya Isingiro na hajui hata jina la kijiji cha babu yake, kwa kuwa mama anaogopa mtoto ataropoka shuleni.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Inasema: aliye mbali anapiga kelele kwa sababu risasi haimfikii. Ni kweli, na mifano tunayo. Kwa miaka mingi Wakongo wa Ulaya wanaojiita "combattants" waliwafungia wanamuziki wa nyumbani majukwaa, wakiwashutumu kwamba waliwaimbia wakubwa. Fally Ipupa alipokwenda kuimba Bercy, Paris, tarehe 28 Februari 2020, moshi wa vitu vilivyochomwa karibu na Gare de Lyon ulionekana mbali. Na kuna sauti zinazorekodiwa nje na kusambazwa kwa WhatsApp, zikiwataja Banyamulenge, Watutsi wa Kongo, kama wadudu wa kusafishwa. Hizo zimefika hadi Rubondo, zimesikilizwa na watu wanaochota maji bomba moja na Banyamulenge.

Lakini mchunguze vizuri mtu wa aina hiyo. Kosa lake si kwamba aliondoka. Huko huko nyumbani wamejaa wenye ugonjwa wake, na mapanga wanayo. Kosa lake ni kwamba moyo wake hauna mchanganyiko wowote: nchi kwake ni takatifu, na anayeona doa ni adui wa kufutwa. Huyu hajawahi kuipenda Kongo na kuionea haya kwa wakati mmoja. Angewahi, asingechoma pikipiki ya mtu kwa sababu ya tamasha. Kwa hiyo hoja wanayoileta ili kuninyamazisha inakaa upande wangu.

Tunaoishi Nakivale tungepaswa kulijua hili kabla ya wengine, kwa sababu ya mahali tunapolala. Makazi haya yana umri mkubwa kuliko uhuru wa Uganda, na wakazi wake wa mwanzo walikuwa Watutsi waliotoka Rwanda baada ya 1959. Wao pia waliambiwa waliondoka, wanyamaze. Serikali ya Habyarimana ilisema nchi imejaa, haina nafasi ya kuwarudisha. Na huku Uganda, Oktoba 1982, viongozi wa UPC, chama tawala cha wakati huo, wa Ankole na vijana wao waliwatimua Wanyarwanda majumbani: nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakasukumwa kuelekea mpakani na kwenye makambi, Nakivale ikiwa mojawapo. Nyumbani wanaambiwa mliondoka, ugenini wanaambiwa rudini kwenu. Tarehe 1 Oktoba 1990 baadhi ya watoto wao walivuka mpaka wa Kagitumba kuingia Rwanda na silaha, wakiongozwa na Fred Rwigyema, aliyekulia ukimbizini na akafika kuwa naibu waziri wa ulinzi wa Uganda.

Siisifu bunduki ile. Sisi wa Kivu tumelipia matokeo yake miaka yote hii, na tunaendelea kulipa. Ninachosema ni kwamba kabla yake kulikuwa na miaka thelathini ambapo watu wale wangeweza kusikilizwa kama raia wenye malalamiko, kwa gharama ya karatasi na meza. Kigali ilichagua kuwaona kama watu waliokwisha. Wanaotuambia leo tunyamaze wanarudia chaguo lile lile, na sioni kwa nini wanatarajia mavuno tofauti.

Kuna pia kejeli ya kwamba tunakula vya bure ndiyo maana tunapata muda wa kuchambua nchi za watu. Mei 2025 Shirika la Chakula Duniani (WFP) liliwaondoa karibu wakimbizi milioni moja nchini Uganda kwenye mgao wa chakula, fedha zilipokauka. Hiyo inatosha kwa jibu.

Ukitaka kuona raia anavyoishi na nchi yake kwa moyo mchanganyiko bila mtu kumuuliza kitambulisho, panda taksi uende Mbarara. Kaa mahali pa chai. Mnyankole atakusifia utulivu uliokuja 1986, maziwa, ng'ombe wake wa pembe ndefu, na mji wake uliopandishwa kuwa jiji mwaka 2020. Kikombe hakijafika nusu ameshahamia kwenye rushwa, mashimo ya barabarani, binti yake mwenye digrii anayeuza laini za simu, na ukomo wa umri wa rais ulioondolewa kwenye katiba mwaka 2017. Tusijidanganye, Uganda wapo waliofungwa kwa maneno yao. Lakini pale mezani hakuna anayemwambia kwamba kwa kulalamika ameacha kuwa Mganda. Jirani yake anambishia, anamwongezea sukari, wanaendelea.

Hicho tu ndicho ninachokidai kwa ajili ya mtu wa Rubondo, na ninakidai kwa vitendo. Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Tshisekedi alitangaza nia ya kuunda tume ya kuandika katiba mpya. Watu wetu wameligombania jambo hilo mpaka usiku, wengine wakiliunga mkono, wengi wakiona ni mlango wa kuongeza mihula, na wapo wanaosema yote mawili kutegemea siku. Hakuna aliyekuja kuwauliza. Uchaguzi mwingine unatarajiwa Desemba 2028. Wasituambie kwamba wakimbizi hawawezi kupiga kura. Januari 2011 Wasudani Kusini walipiga kura ya maoni ya uhuru wao wakiwa hapa hapa Uganda. Desemba 2015 wakimbizi wa Jamhuri ya Afrika ya Kati walipiga kura wakiwa Kamerun na Chad, na nchi yao ilikuwa na hali mbaya kama yetu. CENI, tume ya uchaguzi ya Kongo, ina muda wa kutosha kuandikisha wapigakura Nakivale na kuleta mashine za kupigia kura. Ikishindwa, Kinshasa iseme wazi kwamba haitaki kura zetu, isisingizie miguu yetu.