Kufufua Kituo cha Redio: Maoni Kuhusu WBCN ya Boston

Usiku wa tarehe 15 Machi 1968, kituo cha redio cha WBCN cha mjini Boston, Marekani, kilianza kupiga muziki wa roki. Tangu kilipoanzishwa mwaka 1958 kilikuwa kituo cha muziki wa okestra wa Ulaya. Miaka 41 baadaye, mwezi Agosti 2009, kiliondolewa katika masafa yake ya FM 104.1, na mahali pake pakachukuliwa na kituo kingine cha kampuni ileile. Wako wanaotamani hadi leo kifufuliwe. Makala haya hayakusudii kuomboleza pamoja nao. Yanakusudia kuuliza swali ambalo, kwa maoni yetu, hutangulia mjadala wowote wa ufufuzi: ni kitu gani hasa kilichokufa?

Msomaji ana haki ya kuhoji kwamba suala hili linaihusu nini idara ya Kiswahili. Linatuhusu kwa sababu taaluma ya fasihi simulizi ina istilahi zinazolifafanua vizuri kuliko istilahi za wafanyabiashara wa redio. Tumefundisha kwa miaka mingi kwamba ngano si maneno yake tu. Ngano hukamilika pale fanani anapokutana na hadhira yake, mahali fulani na kwa wakati fulani, akiwa na uhuru wa kuchagua, kurefusha, kufupisha na kuitikia anayoyaona katika nyuso za watu. Hali hiyo ikiondolewa, kinachobaki ni matini. Matini ina thamani yake, lakini si utambaji.

WBCN ya miaka yake ya mwanzo ilikuwa utambaji. Mtangazaji aliichagua mwenyewe santuri aliyotaka kuipiga, akaiunganisha na nyingine kwa maana aliyoiona yeye. Mwaka 1977 mtangazaji Maxanne Sartori alipiga hewani kanda ya majaribio ya The Cars, kundi la palepale Boston ambalo lilikuwa bado halijapata mkataba wa kurekodi. Hapakuwa na orodha iliyomwagiza kufanya hivyo. Alilisikia kundi hilo, akaamini kwamba wasikilizaji wake wangelipenda. Danny Schechter naye aliifanya taarifa ya habari kuwa sehemu ya sanaa hiyohiyo, akichanganya uchambuzi, sauti za mitaani na muziki, katika miaka ambayo vijana wengi wa mji huo wa vyuo walikuwa wakipinga vita vya Vietnam.

Ushahidi mkubwa zaidi wa hoja yetu ni mgomo wa mwaka 1979. Mwezi Februari wamiliki wapya walifukuza takriban nusu ya wafanyakazi, na waliosalia wakatoka nje pamoja na wenzao. Wasikilizaji waliwaunga mkono wagomaji, na hata wafanyabiashara kadhaa waliondoa matangazo yao. Baada ya majuma matatu hivi wamiliki walisalimu amri, na waliofukuzwa wakarudishwa kazini. Hadhira isiyokuwa na hisa hata moja katika kampuni ilijiona kuwa na haki juu ya kituo. Haki hiyo haikutokana na nyimbo, kwani nyimbo zilezile zingeweza kupigwa na waajiriwa wapya. Ilitokana na uhusiano kati ya hadhira na mafanani wake.

Kuanguka kwa kituo kulianza pale uhusiano huo ulipolegezwa. Katika redio za kibiashara za Marekani kwa jumla, uteuzi wa nyimbo ulihama polepole kutoka kwa mtangazaji kwenda kwa washauri na watafiti wa soko. Kisha sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 ikafuta kikomo cha idadi ya vituo ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchini, kikomo kilichokuwa vituo 40. Katika miaka michache kampuni ya Clear Channel peke yake ilimiliki vituo zaidi ya 1,000. WBCN nayo ikawa chini ya CBS. Mwaka huohuo wa 1996 kipindi chake cha asubuhi, kilichokuwa cha Charles Laquidara, kilikabidhiwa Howard Stern, aliyekuwa akitangaza kutoka New York. Hatuna budi kukiri kwamba Stern alikuwa fanani hodari na alipata wasikilizaji wengi. Lakini hakuwa fanani wa Boston. Alipohamia redio ya satelaiti mwishoni mwa mwaka 2005, hadhira yake haikuwa na sababu ya kubaki.

Aghalabu hudaiwa kwamba intaneti ndiyo iliyoviua vituo vya namna hii. Dai hili lina ukweli, ila ni nusu tu. Intaneti ilichukua kazi ya kupiga nyimbo. Kazi ya kuchagua kwa niaba ya jamii inayomjua mchaguzi ilikuwa imekwisha kuachwa na redio zenyewe.

Kutokana na hayo, tunatofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa. La kwanza ni uhifadhi. Filamu ya Bill Lichtenstein kuhusu WBCN, iliyotoka mwaka 2019, iliwezekana kwa sehemu kubwa kwa sababu wasikilizaji na watumishi wa zamani walitoa kanda na picha walizoziweka majumbani mwao. Kazi hiyo inastahili sifa, kama inavyostahili kazi ya wale waliokusanya ngano zetu vitabuni. La pili ni ufufuzi, nao hauhitaji nyimbo za mwaka 1968 wala jina la zamani. Kituo cha KEXP cha Seattle, kilichotokana na redio ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington iliyoanza mwaka 1972, hutegemea michango ya wasikilizaji, na watangazaji wake huteua muziki wenyewe. Mwaka 2024 kilianza kusikika katika FM eneo la San Francisco pia. Kwa kipimo chetu, urithi wa WBCN uko hai zaidi pale kuliko ambavyo ungekuwa katika kituo cha Boston chenye jina lake na orodha ya nyimbo iliyopangwa ofisini.

Yeyote atakayetaka kukifufua kituo hicho, basi, asianze kwa kununua haki ya jina. Aanze kwa kujibu maswali mawili: nani atauchagua wimbo wa kwanza, na nani atakuwa na uwezo wa kumfukuza kazi kwa kuuchagua?