Kifuniko cha pikapu kipimwe kwa kilo

Mwenye pikapu aliyechoka na turubai ana haki ya kuchoka. Turubai hukatwa kwa wembe gari likiwa kwenye foleni, upepo wa barabara kuu huling'oa vishikizo, na mvua ikikazana maji hujaa katikati kama beseni mpaka yapate njia ya kushukia kwenye mifuko ya saruji au mashine iliyokuwa ikipelekwa kwa mteja. Kwa hiyo mtu huenda kwa fundi wa kuchomelea, huko Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, na kuagiza kifuniko kigumu cha bodi. Uamuzi huo ni mzuri, na kukitengeneza hapa hapa ni bora kuliko kusubiri cha kuagizwa ng'ambo. Ninachopinga ni kipimo tunachotumia kukisifu. Kifuniko kikinyanyuliwa na watu wawili huku wakihema tunasema ni imara. Kikinyanyuliwa na mmoja tunasema fundi kaiba bati. Kipimo hicho ni kibaya, na kinamgharimu mwenye gari kila siku anayoliendesha.

Tuanze na hesabu, kwa sababu mabishano mengi ya karakana yangekwisha kama mtu mmoja angeshika kalamu. Mita moja ya mraba ya chuma chenye unene wa milimita 1 ina uzito wa karibu kilo 8. Bodi la pikapu ya milango minne lina urefu na upana wa takriban mita moja na nusu kila upande, yaani mita za mraba 2.25. Bati la milimita 3 kwa eneo hilo ni kilo 53. Fremu ya chuma cha engo cha milimita 40 yenye unene wa milimita 4, ikizunguka kingo zote na kupita mara mbili katikati, inameza mita 9, nayo ni kilo 22 nyingine. Umefika kilo 75 kabla ya bawaba, vitasa na rangi. Sasa chukua bati la geji 18, lenye unene wa takriban milimita 1.2, na fremu ya bomba la mraba la milimita 25 lenye ukuta wa milimita 1.5: jumla ni kilo 31. Tofauti ya kilo 44 inakaribia mfuko mzima wa saruji, nao utabebwa kwenda na kurudi, gari liwe tupu au limejaa, kwa miaka yote ya maisha ya kifuniko. Pikapu inayoitwa ya tani moja haibebi tani moja bodini: abiria watano wa kilo 70 wamekwisha kula kilo 350 za tani hiyo, na kifuniko nacho kinakula kutoka sahani ile ile.

Lipo pia suala la mkono na kichwa. Kifuniko chenye bawaba upande wa kabini humtaka anayekifungua anyanyue karibu nusu ya uzito wake. Kwa kile kizito ni kilo 37, kazi ya mkono mmoja kwa mtu mwenye misuli, na mwingine hawezi kabisa. Kikiponyoka, kinamwangukia aliyeinama kutafuta kitu ndani ya bodi. Shokapu ndogo za gesi husaidia kukishikilia, ila shokapu hizo huchoka, na ubovu wake hujulikana siku zinaposhindwa kazi. Mwenye kifuniko cha kilo 31 bado ana nafasi ya kukidaka.

Ugumu unatoka wapi, basi, kama si kwenye unene? Jibu liko juu ya nyumba zetu. Bati la paa ni jembamba, halifiki hata milimita moja, na likiwa bapa hujikunja kwa uzito wake lenyewe. Likipigwa migongo, linavuka kutoka papi moja hadi nyingine bila kulegea. Sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni limejengwa kwa akili hiyo hiyo: mistari iliyobonyezwa ubavuni na kingo zilizokunjwa ndizo zinazoliwezesha kukaliwa na watoto wawili. Bati la kifuniko likikunjwa kingo zote kwa sentimita nne au tano kwenda chini, na kupigwa mikunjo miwili mitatu ya urefu, litakuwa gumu kuliko bapa lililo nene zaidi lisilokunjwa. Kukunja kunahitaji mashine ya kukunjia na vipimo sahihi kabla ya kukata, na hapo ndipo ufundi ulipo. Bati nene mara nyingi huficha kazi iliyorukwa.

Nitajibiwa kwamba mwizi haogopi mikunjo, anaogopa chuma kinene. Hoja hii ina uzito kwa sababu wizi ndio unaowapeleka wengi kwa fundi. Lakini mwizi mwenye dakika mbili hapasui bati katikati. Hutafuta kitasa, bawaba, na zaidi ya vyote mlango wa nyuma wa bodi. Pikapu nyingi, hasa za zamani, mlango huo haufungwi kwa ufunguo: unavuta mshikio na umefunguka. Juu ya bodi kama hilo unaweza kuweka bamba la milimita 10 na mali itaondoka ikipitia nyuma. Dawa ni ukingo wa kifuniko kuteremka na kuufunika mlango wa nyuma, ili usiweze kufunguka kabla kifuniko hakijafunguliwa. Bawaba ziwe kwa ndani, na kitasa kiwe na makomeo mawili, moja kila pembe, yanayosukumwa na fimbo ndani. Kilo tatu za chuma zikiwekwa hapo zinalinda mali kuliko kilo 40 zilizotandazwa juu.

Wengine wataniambia uzito unasaidia dhidi ya upepo. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, msukumo wa hewa ni sawa na uzito wa karibu kilo 47 kwa kila mita ya mraba, na mwendo ukifika 120 unakuwa karibu kilo 68. Hewa inayoruka juu ya kabini hukinyonya kifuniko kwenda juu. Hata theluthi tu ya msukumo huo, kwa mwendo wa 100, ingekivuta kwa nguvu ya kilo 35. Kuutegemea uzito ni kucheza kamari na gari linalokufuata. Kinachokishika kifuniko ni boliti zinazopita kwenye vyuma vya pembeni vya bodi, zenye washa pana chini na nati zisizolegea kwa mtikisiko. Bawaba lazima zikae mbele, ili komeo likiachia upepo wa mbele usiingie chini yake na kukifumua. Boneti za magari mengi, ambazo hufungukia mbele, zina ndoana ya pili kwa sababu hiyo hiyo.

Maji nayo tunapambana nayo vibaya. Raba pekee haiyazuii kwa muda mrefu. Jua huikausha na kuipasua. Kifuniko kikiinamishwa nyuma kwa sentimita mbili, na chini ya kila ungio pakawekwa mfereji mdogo wenye mpira wa kutolea maji nje ya bodi, raba ikichoka maji bado yana njia.

Alumini ingepunguza uzito zaidi. Ina theluthi ya uzito wa chuma na theluthi ya ukakamavu wake, hivyo ukiongeza unene mara 1.4 unapata ugumu ule ule kwa nusu ya kilo. Ni kweli kwamba ni ghali na wachache huichomelea vizuri. Lakini inaungwa kwa ribiti na boliti bila moto wowote, na kwa aliye Tanga, Mombasa au Unguja, ambako chumvi hula chuma, bei hiyo inaeleweka. Sharti pawe na raba kati ya alumini na chuma, maana vikigusana penye maji ya chumvi alumini huliwa haraka. Plaiwudi ya milimita 12 isiyopitisha maji nayo inafaa, kingo zake zikizibwa vizuri. Na atakayechomelea chochote juu ya gari lenyewe atoe waya za betri kwanza. Bati lenye zinki likichomelewa hutoa moshi unaomletea fundi homa. Zinki iondolewe mahali pa kuungia na kazi ifanyike penye hewa.

Basi kwa nini usinunue kilichotoka kiwandani? Kwa anayemudu, sina ugomvi naye. Ila kikigongwa, hakuna wa kukinyoosha, na kikiwa cha faibaglasi kikapasuka, unaanza safari ya kutafuta kipuri. Cha fundi wa mtaani kinarudi kwa fundi wa mtaani. Anachokikosa fundi huyo ni michoro. Mabodi ya pikapu zinazotembea kwa wingi kwetu ni ya aina chache, na kila fundi anapima upya kana kwamba gari hilo halijawahi kuonekana. Nchini Tanzania, shirika la SIDO limekuwapo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinafundisha kuchomelea na ufundi wa bati. Vikichora violezo vya aina tano au sita za mabodi, vikionyesha mikunjo, mahali pa boliti na mifereji, na kuvigawa bure, gharama yake itakuwa ndogo na karakana zitapata pa kuanzia. Mteja naye aongeze sharti moja kwenye agizo lake: kifuniko kikikamilika kipandishwe kwenye mizani, na kilo zake ziandikwe kwa rangi upande wa ndani, penye kuonekana kila kinapofunguliwa.