Jitu Halizaliwi Likipenda Miti

Nina ugomvi na jitu ambalo halipo. Linaitwa Firbolg. Lina urefu wa zaidi ya futi saba, linaelewana na wanyama na mimea, na wasee wengi ninaowaona wakianza kucheza Dungeons & Dragons hapa Nairobi wanataka kuwa yeye. Ukiwauliza kwa nini, jibu ni lile lile: "Si unajua, hao hupenda mazingira."

Kwenye hilo neno "hao" ndipo ninapokataa.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, mambo ni hivi. Mnakaa mezani watu wanne, watano. Mmoja anasimulia dunia, wengine kila mtu anaigiza mhusika wake, na mambo yakiwa magumu dadu lenye nyuso 20 linaamua. Kabla ya hapo unajaza karatasi, na kwenye karatasi hiyo kuna visanduku viwili vinavyobeba karibu kila kitu. Kimoja kinauliza wewe ni wa mbari gani: binadamu, elfu, mbilikimo wa migodini, jitu. Cha pili kinauliza kazi yako: mpiganaji, mwizi, mchawi, kuhani, druidi. Cha kwanza ni kile ulichozaliwa nacho. Cha pili ni kile ulichojifunza kwa jasho.

Kwenye meza ninayochezea mimi, kile kisanduku cha kwanza tunakiita "kabila". Tulianza kwa mzaha. Lakini jaribu kukiita hivyo wiki mbili tatu uone kama mzaha hautageuka. "Kabila gani? La wapole. La wenye hasira. La wanaopenda dhahabu. La wanaopenda miti." Mkenya yeyote anaijua hiyo sarufi. Tumelelewa nayo: hawa wanapenda pesa, wale wanapenda kujionyesha, hao wengine wanajua kukimbia tu. Tumeona ikipigiwa kura, na mwanzoni mwa 2008 tuliona watu wakifa kwa ajili yake. Halafu Jumamosi jioni tunaketi na soda na viazi karai, tunaikubali bila hata kuuliza, eti kwa sababu safari hii inasifu.

Sifa haiponyi hiyo sarufi. Ukiniambia watu fulani wanazaliwa wezi, umewanyima haki. Ukiniambia watu fulani wanazaliwa wakipenda msitu, umewanyima kitu kingine: umewanyima akili. Umesema hawakuchagua, hawakupima, hawakubishana wao kwa wao, hawakuchoka. Wanapenda miti kama nyuki anavyopenda ua. Na mtu asiye na akili ya kuchagua hana siasa, na asiye na siasa unaweza kumhamisha.

Tuangalie kitabu chenyewe. Firbolg waliingia kwenye mchezo huu mwaka 1983, kama jamii moja ya majitu ya kukutana nayo njiani na pengine kupigana nayo. Mwaka 2016, katika Volo's Guide to Monsters, wakafanywa wahusika unaoweza kuwachagua, na sura yao ya leo ikatokea: walinzi wa msitu, wanyenyekevu, wasiopenda vita, wanaofukuza wavamizi kwa ujanja kabla ya kutumia nguvu. Karatasi inawapa pointi mbili za busara na moja ya nguvu, bure, kwa kuzaliwa tu. Wanaweza kupotea machoni pako kwa muda mfupi. Na hili ndilo linalonikera zaidi: kitabu kinasema suala la majina ni geni kwao. Wakikutana na wageni wanaazima majina ya kielfu. Nchi yao wanaiita kwa jina lolote ambalo majirani wanaiita, kwa adabu tu, na wao kwa wao wanaiita nyumbani.

Inasikika tamu, sivyo? Sasa jiulize mtu asiye na jina la ardhi yake ataandika nini kwenye hati ya shamba.

Ajabu ni kwamba hadithi ambayo jina hili limetolewa haina upole wa namna hiyo. Fir Bolg ni watu wa masimulizi ya kale ya Ireland, yaliyokusanywa katika Lebor Gabála Érenn karne ya 11. Kwa masimulizi hayo, walikuwa watumwa Ugiriki. Kazi yao ilikuwa kubeba udongo kwa mifuko na kuumwaga juu ya miamba mitupu mpaka mwamba ugeuke shamba. Mwishowe mifuko ile ile wakaifanya mashua, wakatoroka, wakafika Ireland, wakaigawa sehemu tano na kuitawala. Kisha wakaja Tuatha Dé Danann, wakapigana nao Mag Tuired, na Fir Bolg wakashindwa. Masimulizi mengine yanawapeleka waliobaki kwenye visiwa vya Aran, upande wa magharibi. Huko Aran, na hili si hekaya tena, wakulima kwa vizazi walibeba mchanga na mwani kutoka ufukweni, wakautandaza juu ya mawe ya chokaa, ndipo wakapata mahali pa kupanda viazi.

Yaani watu wa asili wa jina hili walikuwa wafanyakazi. Walikuwa na mgongo unaouma, deni la kulipiza na ardhi waliyopokonywa. Karne zimepita, mchezo ukachukua jina, ukaacha mfuko wa udongo, ukaacha vita, ukaweka tabasamu.

Mtu ataniambia, "Buda, ni mchezo tu." Najua ni mchezo. Ndiyo maana naupigania. Mchezo ndio mahali tunapofanya mazoezi ya kumwona mtu mwingine, na nchi hii ina watu halisi ambao kila siku wanaonwa kama Firbolg.

Waogiek wa Mau walipewa jina na wengine kabla ya kuulizwa lao. Waliitwa Dorobo, neno lililotoka kwa Wamaasai likiwa na maana ya maskini asiye na ng'ombe. Tume ya Ardhi ya Carter, miaka ya 1930, ilipendekeza waondolewe misituni na wamezwe na makabila jirani. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 watoke Mau. Kesi ikafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikaamua kwamba serikali ya Kenya imevunja haki zao. Ikakataa pia hoja kwamba wao ndio wa kulaumiwa kwa kuharibika kwa msitu. Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85 na warudishiwe ardhi yao ya jadi. Novemba 2023 nyumba zao zikabomolewa tena, kwa jina la kuokoa msitu.

Mojawapo ya hoja za serikali mahakamani ilikuwa kwamba Waogiek wa leo wamebadilika, hawaishi tena kama wa zamani. Umeona huo mtego? Maadamu wewe ni mtoto wa msitu, unavutia, lakini huna hati. Siku utakapotaka mabati, shule na simu, wewe si mtoto wa msitu tena, kwa hiyo toka. Anayependwa kwa sababu ya "asili" yake haruhusiwi kununua hata gumboots.

Na hayo mapenzi yenyewe ya msitu, ukiyachungulia kwa karibu, ni kazi tupu. Ni kuchonga mzinga kutoka gogo la mtarakwa na kuupandisha mtini. Ni kujua kwamba maua hayachanui siku moja bondeni na mlimani, ndiyo maana ardhi ya ukoo ilikatwa ikapanda kutoka chini hadi juu, ili asali ya msimu mmoja ikiisha, ya mwingine iwe inaanza. Ni kujua mpaka wa ukoo wa pili uko wapi na kuuheshimu. Hiyo ni elimu, na ni sheria ya ardhi. Haimo kwenye damu. Mzee asipomfundisha kijana, inapotea.

Wangari Maathai naye hakuzaliwa na pointi mbili za bure. Alisomea biolojia, akaanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na wanawake waliopanda miti walilipwa senti chache kwa kila mche uliopona. Sikiza vizuri: uliopona, si uliopandwa. Januari 1999 alipasuliwa kichwa alipokwenda kupanda miti Karura. Ukitembea Karura leo na kahawa yako mkononi, unatembea kwenye matokeo ya ukaidi wa watu, si kwenye zawadi ya kabila lenye roho nzuri.

Naelewa kwa nini tunamtaka Firbolg, hasa hapa. Unatoka kazini umebanwa kwenye mat, moshi puani, kodi ya nyumba inakungoja. Unataka saa tatu za kuwa mtu mkubwa, mtulivu, anayenywa chai na vipepeo. Haki yako, na sikunyimi. Wengi wamempata huyo mtu kupitia Caduceus Clay, Firbolg aliyeigizwa na Taliesin Jaffe kwenye Critical Role. Lakini mtazameni vizuri huyo Caduceus mnayemwiga. Ni mtunza makaburi. Chai yake inatoka kwenye mimea iliyoota juu ya wafu wa familia za watu. Aliondoka kwao kwa sababu msitu wake unaoza na anatafuta dawa. Tumeiga chai, tukaacha jembe.

Wenye mchezo wenyewe wameshastuka kidogo. Kitabu cha mwaka 2022 kiliondoa zile pointi za kuzaliwa, ukawa huru kuziweka utakapo, na katika toleo la 2024 neno la mbari likabadilishwa likawa spishi. Asanteni, lakini kwa Kiswahili mmetuacha pabaya zaidi. Spishi ni neno la twiga na nyani. Kubadilisha jina la kisanduku hakusaidii kama bado tunakijaza kwa tabia.

Dawa ni rahisi na haihitaji kitabu kipya. Mapenzi ya msitu yatoe kwenye kisanduku cha kabila, yapeleke kwenye kisanduku cha kazi. Mchezo tayari unajua hivyo: druidi anasomea udruidi, na hata mbilikimo wa migodini anaweza kuusomea. Basi chagua Firbolg wako, mrefu kama mlingoti wa stima, lakini mpe historia. Msitu wake ni upi, na unaitwaje na wenyewe? Nani alimfundisha, na alikosana naye kwa nini? Nani anautaka huo msitu, na ana karatasi gani mkononi? Mpe binamu anayechoma makaa kwa sababu karo imefika. Mpe dada aliyehamia mjini na hataki kusikia habari ya miti. Mpe siku moja ambayo yeye mwenyewe ameuchoka msitu, na sababu ya kuamka kesho yake na kurudi kazini.

Na msimulizi wa mchezo, usimwache apite bure. Akisema "nawasikiza miti," muulize miti ya nani. Akikosa jibu, dadu lisirushwe kwanza.