Kazi za Mikono: Kutu Haizikwi chini ya Rangi

Juma hili twataka kuongea nanyi juu ya adui mmoja asiye na miguu wala sauti, naye hula usiku na mchana. Jina lake ni kutu. Kila nyumba yamjua: amekula jembe lililoachwa nje, amekula bawaba za mlango, amekula bati la paa mpaka nyota zikaonekana. Lakini akiingia katika mwili wa motokari kuukuu, kazi yake huwa ya hatari zaidi, kwa sababu ndani ya motokari hukaa watu.

Tumechagua mfano wa motokari ambayo wengi wenu mmeiona, kama si barabarani basi katika picha: ile ya Volkswagen yenye uso wa mviringo na kioo cha mbele kilichogawanyika vipande viwili. Mholanzi mmoja, Ben Pon, alichora umbo lake la kwanza katika daftari yake mwaka 1947. Ilianza kutengenezwa Wolfsburg, nchini Ujerumani, mwezi wa tatu mwaka 1950. Tangu mwaka 1956 ilitengenezwa katika kiwanda kipya cha Hannover, na mwaka 1967 umbo jipya likachukua nafasi yake. Aina moja, yenye madirisha na viti vinavyoweza kuondolewa, iliitwa Kombi, na jina hilo limeenea hata watu wengi huziita zote Kombi. Basi zile za kwanza zilizotoka Ujerumani, hata iliyo changa kuliko zote, sasa imepita nusu karne.

Siku hizi watu wa nchi nyingi huzitafuta, huzinunua zikiwa zimechakaa, na kuzirudishia sura nyumbani kwao wenyewe. Ni kazi njema. Huwakusanya baba na wanawe jioni, na kijana hujifunza mengi yasiyoandikwa ubaoni. Lakini kazi hii ina njia mbili. Njia moja ni fupi nayo hudanganya. Nyingine ni ndefu nayo huokoa watu. Ni juu ya njia hizo mbili tunapenda kusema.

Kwanza tuelewe kutu ni kitu gani. Madini ya chuma hutoka ardhini yakiwa yameungana na oksijeni, na viwandani hutenganishwa kwa moto mkali. Chuma hicho kikipata maji na hewa pamoja, huungana tena na oksijeni. Ni kana kwamba kinarudi kwao udongoni. Labda mwanafunzi atauliza: mbona sufuria ya alumini haiozi hivyo? Nayo hushikwa na oksijeni, lakini ngozi nyembamba inayofanyika juu yake hushikamana na kuilinda. Kutu hailindi kitu. Hubanduka vipande vipande, ikakiacha chuma kipya wazi mbele ya hewa. Tena kutu huvimba, kwa maana huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo sababu rangi hutoa malengelenge, na mabati mawili yaliyobanana husukumana mpaka yakaachana.

Chumvi huharakisha kazi hiyo. Katika nchi nyingi za Ulaya humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na magari mengi ya huko yameoza mapema. Yale yaliyokaa katika sehemu kavu za California na Arizona, mabati yake yamedumu zaidi. Kwetu Kongo barabara hazimwagiwi chumvi, lakini tuna mvua na matope. Tope likigandamana ndani ya tao la gurudumu hushika maji siku nyingi baada ya mvua kukatika, na mwenye motokari hadhani kwamba chuma chake kingali kimelowa.

Sasa tuitazame Kombi yenyewe. Lori kubwa lina kiunzi chake peke yake, na mwili umewekwa juu ya kiunzi. Kombi si hivyo. Mihimili mirefu iliyo chini ya sakafu imelehemiwa pamoja na mwili, na vyote hubeba mzigo kwa umoja. Vizingiti virefu vya pembeni, vilivyo chini ya milango, ni kama masanduku yaliyofungwa: mabati huku na huku, na nafasi tupu katikati. Maji yakiingia humo hutuama gizani. Kutu huanzia ndani na kuja nje. Kwa hiyo tundu dogo kama punje ya mtama mara nyingi ni mlango tu wa pango kubwa.

Tuseme basi kwamba baba mmoja amenunua Kombi ya namna hiyo, yenye rangi mpya inayong'aa. Juma chache zikipita aona lengelenge karibu na gurudumu la nyuma. Atafanya nini? Achukue sumaku ndogo, aifunge katika kitambaa ili isikwaruze rangi, aipitishe polepole juu ya bati. Mahali inaposhika, pana chuma. Mahali isiposhika, pana mastiki, yaani ule uji mzito wa kuzibia unaoganda kama jiwe. Kisha agonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti ya kigae kilichopasuka. Atazame mfereji wa paa, ukingo wa vioo chini ya mpira, sakafu chini ya miguu ya dereva, matao ya magurudumu, na mahali pa kuwekea jeki. Asisahau kitako cha betri katika chumba cha mashine, ambako tindikali ya betri husaidiana na kutu.

Tuseme tena kwamba ameona mabaya. Kizingiti cha upande mmoja kimejaa mastiki unene wa kidole, na nyuma yake hamna kitu. Kijana wake amwambia: «Baba, kwa nini tusizibe tena kama walivyoziba wenzetu, tukapaka rangi? Nani ataona?» Baba amjibu: «Mwanangu, hakuna atakayeona. Lakini siku gari hili litakapogongwa, kizingiti hiki ndicho kitakachosimama kati ya lori na mbavu za dada zako. Je, mastiki itasimama?»

Hapo ndipo tunapofika kwenye shina la jambo. Mastiki si mbaya mahali pake. Juu ya chuma kizima, kwa unene wa milimita mbili au tatu, husawazisha mabonde madogo kabla ya rangi. Lakini haibebi mzigo. Ikiachwa bila kufunikwa vizuri hunywa unyevu kama sifongo, na kutu huendelea kula chini yake kwa starehe, kwa maana sasa hakuna amwonaye.

Kwa ile kutu ya juujuu tu, isiyotoboa, kuna dawa nyepesi. Hukwanguliwa kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Kisha mabaki yaliyojificha katika vishimo hupakwa dawa yenye asidi ya fosforasi, ambayo huigeuza kutu kuwa ngozi ngumu isiyoendelea kula. Lakini dawa hiyo hairudishi chuma kilichokwisha kuliwa. Palipo na tundu, hakuna njia ila kukata.

Basi kazi ya kukata na kuunga ifuate utaratibu. Kwanza motokari iwekwe mahali tambarare, juu ya miguu imara ya chuma. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Betri ifunguliwe. Tangi la petroli, ambalo katika Kombi liko nyuma karibu na mashine, liondolewe na kupelekwa mbali, kwa maana hata tangi lililomwagwa lina mvuke unaoweza kulipuka. Ndoo ya mchanga na kizima moto viwe karibu. Rangi za zamani mara nyingi zina risasi ndani yake. Kwa hiyo rangi isuguliwe ikiwa imelowa maji, fundi ajifunike pua na mdomo kwa barakoa nzuri, na watoto wadogo wasicheze karibu na vumbi lake.

Pili, mwili utegemezwe kabla ya kukatwa. Upande wenye milango mikubwa ya mizigo una uwazi mpana, na kizingiti ndicho kinachoushikilia chini. Ukikikata bila tegemeo, mwili hulegea katikati, na baadaye milango haitafunga tena. Kwa hiyo mafundi huchomelea nondo kwa muda katika uwazi wa mlango. Hupima upana, kimo na mshazari, wakaandika vipimo hivyo, kisha hukata upande mmoja tu. Upande wa pili husubiri mpaka wa kwanza uwe umekwisha kuungwa.

Tatu, chuma kikatwe mpaka mahali palipo pazima. Hapo ndipo moyo wa mtu hushuka, kwa sababu tundu la ukubwa wa kidole huwa tundu la ukubwa wa mkono mzima. Asikate tamaa. Kuunga bati jipya juu ya ukingo uliooza ni sawa na kushona kiraka kipya juu ya nguo iliyochakaa. Uzi hauna pa kushika.

Nne, kiraka. Fundi hukata kwanza kielelezo katika karatasi ngumu, akakijaribu mpaka kikae vizuri. Ndipo akate bati. Bati liwe la unene ule ule wa zamani, karibu milimita moja kwa mabati ya nje, na nene zaidi kwa mihimili. Hapa tuwaonye wasomaji wetu juu ya jambo ambalo ni rahisi kwetu: msichukue kipande cha bati la paa. Ni jembamba mno, tena limepakwa zinki, na moshi wa zinki ukichomwa humletea fundi homa na baridi jioni ile ile. Vilevile msisafishe chuma kwa dawa za kuondoa mafuta zenye klorini kabla ya kulehemu. Joto na mwanga wa mashine huweza kuugeuza mvuke wake kuwa fosijeni, gesi ya sumu iliyoua watu wengi katika vita vya 1914–1918.

Katika kulehemu, pupa ndiyo adui wa pili. Joto likikusanyika mahali pamoja, bati jembamba hujikunja kama jani kavu. Kwa hiyo fundi huweka nukta moja hapa, nyingine kule mbali, akangoja chuma kipoe, akarudi kujaza katikati. Wengi hutumia mashine ya umeme inayosukuma waya mwembamba, kwa sababu joto lake halienei sana kama lile la asetilini. Lakini mwanga wake huchoma macho. Hata anayesimama kutazama ajikinge.

Tano, ndani kabla ya nje. Kiungo kilicholehemiwa husawazishwa, hupakwa rangi ya kwanza inayozuia kutu, na mishono yake huzibwa kwa utomvu maalumu. Kisha nafasi zote tupu za kizingiti na mihimili hunyunyiziwa nta laini inayotambaa mpaka kwenye mikunjo. Vile vitundu vidogo vya chini, vilivyowekwa na kiwanda ili maji yatoke, visizibwe. Mtu anayeviziba kwa kudhani anatengeneza, huyafungia maji ndani. Baada ya hayo yote ndipo ije mastiki kidogo, kisha rangi. Rangi ni ya mwisho. Na anayeanza kwa kuchagua rangi ameushika mkia wa kazi.

Wazazi watauliza: je, yote haya yaweza kufanyika nyumbani? Mengi yaweza, kwa subira. Lakini mahali panaposhikilia usukani, magurudumu au mikanda ya viti, na ile mihimili mikuu chini ya sakafu, mtu asijifunzie hapo. Amwite fundi aliyeizoea kazi, amlipe ujira wake, naye asimame kando akitazama. Mazoezi ya kulehemu yafanywe kwanza juu ya vipande vilivyotupwa. Kisha kipande hicho kibanwe na kukunjwa kwa nyundo. Kikiachana penye mshono, mwanafunzi hajawa tayari kuigusa motokari.

Tena kuna neno la haki. Yule aliyemuuzia baba wa mfano wetu labda naye alidanganywa, labda alijua. Hatuwezi kumhukumu mtu aliye katika mfano. Lakini sasa baba huyu amejua, na akiuza bila kusema, uwongo huo utakuwa wake. Mnunuzi haoni ndani ya kizingiti. Hununua kwa kuamini neno la mwenye mali, na kesho yake huwapakia watoto wake.

Kwa hiyo twawashauri ninyi mnaofanya kazi hii jambo moja dogo lisilo na gharama. Kabla ya kufunga kila nafasi, kabla bati la nje halijalifunika bati la ndani, mpeni kijana kazi ya kupiga picha: chuma kilichooza, chuma kilichokatwa, kiraka kabla ya rangi. Aziweke zote kwa utaratibu, na tarehe zake. Siku mtu atakapokuja kununua na kuuliza, «Chini ya rangi hii kuna nini?», msimjibu kwa maneno mengi. Mwonyesheni picha, mpeni sumaku mkononi, mwacheni azunguke gari lote mwenyewe.