Mijusi wa Ifo Watutosha

Wanachama wenzangu, ziara ya mijusi ifanyike hapa hapa Ifo, siyo kwenye bustani ya nyoka kule Nairobi. Kambi hii ilianza 1991, wengi wetu tumezaliwa humu, lakini mkimbizi hatoki bila kibali. Asiyekipata atabaki akingoja kusimuliwa. Hiyo ni ziara gani?

Mjusi hajitengenezei joto mwilini, huota jua kwanza. Basi tuanze saa moja asubuhi, kwenye mathenge na kuta za shule. Saa sita wote wamejificha kivulini. Tubebe daftari na maji. Mawe tuyaache chini. Mjusi kafiri hana sumu jamani, jina tu tumemwonea! Jumamosi inafaa, maana sisi wa kutwa siku nyingine tunakimbilia foleni ya maji.