D Mbili

Matokeo mabaya kuliko yote ya kidato cha sita si F. Mwenye F tatu anajua alipo. Atarisiti, au ataomba cheti, au ataingia dukani kwa mjomba. Atalia wiki moja kisha ataamka aendelee na maisha. Anayeteseka ni mwenye D mbili.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, aliyemaliza kidato cha sita kuanzia 2016 anatakiwa awe amefaulu masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Piga hesabu. D na D ni 4 kamili. Umegusa mstari kwa ncha ya kidole cha mguu. Kwa mujibu wa taratibu unazo sifa za kusoma shahada, kwa hiyo fomu yako inapokelewa, na ada ya maombi inapokelewa pia. Ada hiyo hairudi.

Binti wa shangazi yangu alipata D ya Historia, D ya Jiografia na E ya Kiingereza. Kwa Baraza la Mitihani hizo ni pointi 13, daraja la tatu. (Kule Baraza pointi zikiwa nyingi umeharibu, huku TCU zikiwa nyingi umefanya vizuri, na mzazi aliyeishia darasa la saba anatakiwa ayaelewe yote mawili ndani ya mwezi mmoja wa Julai.) Shangazi alishika neno moja tu: amefaulu. Akapika pilau, majirani wakala.

Aliomba vyuo vitatu. Dirisha la kwanza likafungwa, majina yakatoka, hakuwamo. Vyuo vyote vitatu vilimjibu jambo lilelile: hukuchaguliwa, ushindani ulikuwa mkubwa, jaribu awamu ya pili. Mkubwa kiasi gani? Mtu wa mwisho kuingia kwenye kozi ile alikuwa na pointi 5 au 11? Kama ni 5, basi aombe tena, achague kozi ya jirani, bahati inaweza kumwangukia. Kama ni 11, aache leo hii, akatafute diploma. Hakuambiwa. Akaomba vyuo vingine viwili, akalipa tena.

Kusubiri kwa namna hii kunakula mtu. Kundi la WhatsApp la darasa lao, ambalo mwezi Juni lilikuwa la utani wa JKT na picha za vipara, likageuka kuwa la kuulizana nani anaenda Dodoma, nani kapata hosteli, nani bado hajakonfemu. Yeye akanyamaza humo bila kujitoa, maana kujitoa nako ni tangazo. Alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kufungua akaunti yake, kwa kuwa kuna mtu alimwambia saa hizo mtandao hauna foleni. Dukani alianza kutumwa mdogo wake, kwa sababu mama muuza mchele alikuwa na swali moja: “Mwanangu, umepangiwa wapi?”

Na wakati yeye anasubiri, kalenda nyingine hazimsubiri. Udahili wa diploma una madirisha yake. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea, kwa anayetaka kurisiti, una tarehe zake. Bodi ya Mikopo ina tarehe zake. Mwenye D mbili akiamini anachoambiwa, kwamba ana sifa na ajaribu tena, milango aliyokuwa na uhakika nayo inafungwa mmoja mmoja akiwa bado amesimama kwenye ule asiojua kama utafunguliwa.

Najua jibu la wengi, na nimelisikia hadi kwa watu wenye shahada mbili: huyo ni kilaza, aende VETA. Kwanza, huko ni kuwatukana mafundi, kana kwamba kurekebisha mfumo wa umeme wa gari ni kazi ya kuwatupia walioshindwa kukariri tarehe za Vita vya Majimaji. Pili, tulitazame hilo neno lenyewe. Mwishoni mwa Mei 2016 serikali iliwaondoa Chuo Kikuu cha Dodoma wanafunzi 7,802 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati. Siku chache baadaye Rais Magufuli, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwaita vilaza. Vijana wale hawakuruka ukuta usiku. Programu ilikuwa ya serikali, kwa sababu nchi haikuwa na walimu wa sayansi. Waliitwa, wakapangiwa vitanda, wakapewa mikopo, wakaanza kusoma. Alama zao za kidato cha nne zilikuwa zilezile siku ya kuitwa na siku ya kufukuzwa. Kilichobadilika ni mtu anayezisoma. Baadaye wengi wao walihamishiwa vyuo vya ualimu, kumbe walikuwa wanafaa kusomea ualimu, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na leo mtoto wa darasa la tano anamwita mwenzake kilaza.

Anayetaka kuamini kwamba alama ni kipimo cha ubongo kama mizani ya dukani ni kipimo cha sukari, akumbuke kidato cha nne cha 2012. Watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri, zaidi ya nusu ya waliofanya mtihani. Nchi ikapiga kelele, Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, serikali ikafuta matokeo na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa 2011. Hakuna aliyerudi kwenye chumba cha mtihani. Karatasi zilezile, majibu yaleyale, na maelfu ya vijana wakaondoka kwenye sifuri. Miaka miwili baadaye madaraja yakafutwa, ikaja GPA. Mwanzoni mwa 2016 Waziri Joyce Ndalichako, ambaye wakati wa matokeo yale ya 2012 alikuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani, akaagiza madaraja yarudi. Hata D yenyewe haikupona: kwa waliomaliza kidato cha sita 2014 na 2015, TCU inaihesabu kwa pointi 1, kwa waliomaliza 2016, pointi 2. Mipaka ya alama nayo ilihama, sawa, palikuwa na hesabu nyuma yake. Lakini kitu kinachohamishwa na kikao cha wizara hakiwezi kuwa ndiyo tabia ya mtoto wa shangazi yangu.

Sisemi D ni A. Sitaki mwenye E ya Biolojia anipasue tumbo, na chuo chenye nafasi 100 na waombaji 900 lazima kikatae watu 800. Kukataliwa si dhuluma. Ninachokipinga ni kukataliwa gizani, tena kwa malipo. Chuo kinajua aliyeingia mwisho mwaka jana aliingia na pointi ngapi, kwa kuwa ndicho kilichochora mstari. Mwongozo wa TCU unatoka kila mwaka, mnene, una jedwali la kila kozi: sifa za chini, muda wa masomo, idadi ya nafasi. Sijawahi kuona humo safu inayosema mtu wa mwisho alikuwa na ngapi. Kenya, pamoja na ugomvi wao wote kuhusu ufadhili wa vyuo, KUCCPS humwonyesha mwombaji alama za mwisho za kozi za miaka iliyotangulia kabla hajachagua. Mtoto wa Kisumu mwenye alama dhaifu anaona ukuta una urefu gani. Wa Kahama anaambiwa aruke tu, atajua akishaanguka.

Afisa udahili mmoja niliyemuuliza alinijibu bila kuficha: wakiandika safu hiyo, maombi yatapungua. Yatapungua, ndiyo. Yatakayopungua ni ya wale ambao hawakuwa na nafasi tangu mwanzo, na ada zao. Kama bajeti ya ofisi ya udahili inategemea elfu za watoto ambao ofisi yenyewe inajua haitawachukua, basi tuulizane hiyo ni ofisi ya nini.

Kwa hiyo, safu moja kwenye jedwali. Na ujumbe wa kukataliwa utaje namba mbili, pointi zako na za mtu wa mwisho aliyeingia. Kompyuta iliyowapanga waombaji kwa mfuatano inazo namba zote mbili tayari.

Binti wa shangazi hakuwamo kwenye awamu ya pili wala ya tatu. Jibu la mwisho lilimfikia wakati chuo cha diploma alichokuwa amekitupia jicho tangu Julai, mwendo wa daladala moja kutoka nyumbani, kikiwa na wiki mbili tangu kianze masomo.